Roketi Moja, Kura Ishirini na Nne

Nyumba ya nane, kwa Mzee Chenge,
Kirumba, Mwanza.
4 Julai 1972

Ndugu Mhariri,

YAH: KUINGILIWA KWA ROKETI YANGU, PAMOJA NA BARUA ILIYOKUWEMO NDANI YAKE

Mimi ni msomaji wa gazeti lako tangu nilipohamia Mwanza kutoka Bukoba, na tangu mwezi wa nne nimekuwa pia mviringishaji wake. Nakala zako arobaini na moja, zilizopakwa uji wa muhogo na kuzungushwa kwenye mpini wa jembe, ndizo zilizokuwa mwili wa roketi ninayokuandikia habari zake. Kwa hiyo jambo hili linakuhusu wewe karibu sawasawa na linavyonihusu mimi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za mabomba ya maji. Si mtu wa maneno mengi. Mwaka jana nilitumwa Sengerema kupima mtaro, bati likanikata kiganja cha mkono wa kulia, na muuguzi aitwaye Teodora akanishona nyuzi saba. Tangu hapo nimevuka ghuba kwenda kumwona mara tisa, kila mara kwa ajili ya kidonda, ambacho kilipona baada ya mara ya pili. Siku ya Pasaka Teodora aliniambia kwamba amepewa uhamisho wa kwenda Songea, kwamba anaweza kuukubali au kuukataa, na kwamba kama nina neno lolote la kumwambia nimwandikie kabla ya Sabasaba. Nilimjibu kwamba nitalishughulikia. Niliporudi Kirumba nikaanza kujenga roketi.

Wapo watakaouliza kwa nini barua ya kuvuka ghuba ihitaji roketi. Posta huchukua siku nne, Ndugu Mhariri, na mimi nilitaka dakika tatu. Kwamba ujenzi ulichukua karibu miezi mitatu ni suala jingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chenge, ambaye namwamkia shikamoo kila asubuhi na sina ugomvi naye, alinikuta uani nimeifunga roketi kamba kiunoni nikiizungusha juu ya kichwa changu. Hicho ni kipimo kinachojulikana: chombo kikitangulia kwa pua kimesawazika, kikitangulia kwa mkia mapezi hayatoshi. Mzee Chenge alisema mbele ya watu kwamba hakuna mtu mzima anayezungusha gazeti uani kwa nia njema. Nikaitwa kujieleza. Nilipomaliza kujieleza hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu walielewa. Ikaamuliwa kwamba kitu kilichojengwa ndani ya nyumba kumi hakiwezi kuwa cha nyumba moja, ikaundwa Kamati ya Roketi, na mimi nikachaguliwa kuwa mjumbe wa kawaida.

2. Kamati ilitaka kila nyumba ichangie pezi moja. Roketi yangu ilichorwa na mapezi manne ya bati. Nilileta mchoro, nikaleta rula, nikaeleza kwamba yakiwa kumi itafanana na nanasi na itaruka kama nanasi. Tulibishana siku tatu. Mwisho tuliafikiana mapezi yabaki manne, lakini majina ya wenye nyumba wote kumi yaandikwe ubavuni kwa rangi. Rangi hiyo ilikuwa na uzito wa yai la kuku. Hakuna aliyetaka kusikia habari za yai.

3. Mzee Chenge alikataa roketi iondoke bila barua ya utambulisho, kwa kuwa hakuna mkazi wake anayekwenda kulala ugenini bila barua. Nilimweleza kwamba roketi hailali. Aliniuliza kama nina hakika. Basi akaandika kwa mkono wake na kugonga muhuri: "Mwenye barua hii ni roketi ya Kirumba, mwenye tabia njema, anayesafiri kwenda Sengerema. Popote atakapofika apewe msaada wowote atakaouhitaji." Naomba uyakumbuke maneno hayo ya mwisho, maana ndiyo yaliyoniponza. Barua hiyo ikatiwa puani mwa roketi, ndani ya kopo la maziwa, juu ya barua yangu kwa Teodora.

4. Siku ya kurusha ilikuwa Jumapili, 25 Juni, saa moja asubuhi, juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba zetu. Saa hiyo sikuichagua kwa kupenda baridi. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na hesabu zangu zote, kurasa kumi na sita, zilitegemea upepo huo kuisindikiza roketi hadi ng'ambo. Tukawasubiri waliokwenda Misa. Waliporudi tukawasubiri waliokwenda ibada ya Kilutheri. Kisha tukamsubiri mgeni rasmi, aliyefika saa sita na kuhutubia mpaka saa nane kasorobo juu ya kilimo cha pamba, akaitaja roketi mara moja mwishoni. Kufikia hapo upepo ulikwisha kugeuka na kuanza kutoka ziwani. Nilisema kwa adabu kwamba tuahirishe. Mgeni rasmi alikuwa ameshawasha kiberiti.

Juu ya unga ulioisukuma roketi sisemi neno, kwa sababu gazeti lako linasomwa na wanafunzi. Nasema tu kwamba uliwaka vizuri, roketi ikapanda wima kama nilivyoichora, mwavuli wa kuiteremsha ukafunguka, na upepo ukaubeba kuelekea Pasiansi, ambako sina mtu wa kumwandikia. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilisimama juu ya jiwe nikiwa karibu kulia.

5. Huko Pasiansi roketi iliangukia uwanjani kwa Mama Bernadetta Luhaga, naye ni balozi wa nyumba kumi za upande ule. Nilipofika kwa baiskeli nilikuta ameilaza kivulini juu ya mkeka na amekwisha kuiandika katika daftari la wageni. Nikaomba nipewe mali yangu. Alinionyesha barua ya Mzee Chenge, akasema yeye ameagizwa kwa maandishi na kwa muhuri kumpa mgeni huyu msaada wowote atakaouhitaji, na hawezi kumwachia kabla ya kujua ni msaada gani. Ili ujulikane, ikabidi ile barua ya pili nayo ifunguliwe. Ikafunguliwa Jumatano alasiri, katika mkutano wa wakazi.

6. Barua yangu ilisomwa kwa sauti mara tatu. Ilisema hivi, na sioni aibu kuirudia: "Ndugu Teodora, chombo hiki kina urefu wa sentimita 157 na uzito wa kilo mbili na robo bila rangi. Mapezi ni manne. Kimebuniwa na kujengwa na mimi mwenyewe. Natumaini kimekufikia kikiwa salama. Wako katika ujenzi wa taifa, C. Mutayoba." Mvuvi mmoja, Zadok Achola, akauliza kama bwana huyu anataka kuoa au anauza bomba. Kisha akauliza, kwa kuwa mtumbwi wake unavuka kwenda ng'ambo kila alfajiri na unaonekana wazi kutoka Kirumba, kwa nini sikumpa yeye barua aipeleke. Nilijibu kwamba swali hilo halimo katika ajenda.

7. Mkutano ukaamua kwamba msaada ambao roketi inauhitaji ni barua iliyo bora zaidi. Mimi nikasimamishwa mbele kama shahidi. Nikaulizwa huyo binti nilimpendea nini. Kwa kuwa sikuwa nimejiandaa, nilisema kwamba wakati ananishona hakunipa pole, bali alihesabu nyuzi kwa sauti, moja hadi saba, na tangu siku ile nikifika saba katika hesabu zangu husimama kidogo kabla ya kwenda nane. Katibu aliyaandika maneno hayo bila idhini yangu. Mama Bernadetta akapendekeza vipimo vyote vifutwe, maneno aliyoandika katibu yaingizwe mahali pake, na mwishoni iongezwe sentensi hii: "Ninakupenda, usiende Songea." Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono.

8. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, na nakusihi usome polepole. Waliohudhuria, ukiniondoa mimi ambaye si mkazi wa pale na sina kura, walikuwa watu ishirini na tatu. Niliwahesabu mwenyewe, na kuhesabu ndiyo kazi inayonilisha. Lakini muhtasari wa mkutano unasema: wakazi waliohudhuria 23, waliokubali 24, waliokataa hakuna. Mikono ishirini na nne haiwezi kutoka kwa watu ishirini na tatu ikiwa kila mmoja amenyoosha mkono mmoja. Kwa hiyo kura ile ni batili, na sentensi ile haina nguvu yoyote. Pamoja na hayo barua ilinakiliwa kwa mwandiko mzuri, muhtasari ukabanwa nyuma yake kama ushahidi, na Alhamisi alfajiri Zadok akavuka navyo.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, utangaze gazetini kwamba barua iliyomfikia Teodora si yangu, na kwamba msimamo wangu rasmi ni ule wa sentimita 157. Pili, mabalozi wote waagizwe kutorekebisha barua ya mtu bila kuhakiki kwanza hesabu ya mikono. Tatu, nirudishiwe roketi yangu, kwani nasikia mapezi mawili yamekwisha kuwa koroboi na mwavuli unaanikiwa dagaa. Nne, wanaohusika wasogeze Sabasaba hadi mwezi wa kumi, kwa mwaka huu tu, ili niwahi kumaliza roketi ya pili itakayompelekea Teodora barua iliyo halali. Sidhani kama taifa litapata hasara kubwa likisubiri miezi mitatu, maana mimi nimeshasubiri mingi zaidi. Tano, kwa ajili ya roketi hiyo ya pili, unisaidie nakala mia moja ambazo hazikununuliwa, hasa zile zenye hotuba ndefu, kwa kuwa ndizo zenye kurasa nyingi.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, wafagizi, wachambuzi wa mpira, na yule anayechora ramani ya hali ya hewa, ambaye umwambie kwa upendo kwamba mwambao wetu ameuchora kichwa chini.

Nabaki wako mtiifu, nikiwa na uchungu lakini bila chuki,

Clavery Mutayoba,
Mjumbe wa kawaida, Kamati ya Roketi.

Nyongeza, 7 Julai. Barua hii bado iko mezani kwangu, kwa sababu nilikuwa nainakili kwa ajili ya faili, na leo posta imefungwa kwa sikukuu. Asubuhi hii Zadok amenigongea mlango akiwa na jibu. Teodora anasema Songea ameikataa. Anasema maneno ya nyuzi saba ameyajua kuwa ni yangu, kwa kuwa hakuna mtu wa Pasiansi aliyekuwepo siku ile. Sentensi ya mwisho ndiyo hana hakika kama ni yangu, kwa hiyo akasoma na muhtasari, maana muuguzi naye anajua kuhesabu. Sasa anauliza: ikiwa wakazi walikuwa 23, mkono wa ishirini na nne ulikuwa wa nani, na je, kiganjani ulikuwa na kovu?

Usiichapishe barua hii, Ndugu Mhariri. Ulikuwa na kovu. Na niliunyoosha kabla Mama Bernadetta hajamaliza kusoma pendekezo.