Lebo Moja kwa Samoni Mmoja

Jumatatu, 7 Julai

Nimeshinda! Droo ya lebo imechezwa asubuhi katika ofisi ya uvuvi na jina langu limetoka. Malachy Tarpey, lebo moja, kamkanda ka plastiki kanakojifunga, rangi ya kahawia. Owenkeel ni mto wenye samoni wachache, kwa hiyo lebo zake ni chache. Huna lebo, samoni unayemvua unamrudisha majini akiwa hai. Unayo, unaruhusiwa kumuua mmoja, unaipitisha kwenye shavu lake papo hapo, unaandika kitabuni, ndipo unapumua.

Shemeji yangu Fintan, kaka yake Noreen mke wangu, amekosa. Nimempa pole. Nilimpa pole mara tatu.

Jambo lenyewe ni zito. Baba mkwe, mzee Colman Devanny, katoka hospitali jana na sasa analala chumba chetu cha mbele. Miaka tisini na moja. Daktari alimwambia Noreen pembeni kwamba ni suala la wiki, si miezi. Mzee ameomba kitu kimoja tu: samoni wa Owenkeel, achemshwe, aliwe na viazi na siagi. Miaka thelathini na moja nimemuoa binti yake na hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni "huyo mume wa Noreen". Fintan ni Fintan. Nataka samoni huyo nimlete mimi. Nataka mzee aseme Malachy kabla hajaondoka. Nimeshaandika, na sasa naona haya.

Jumanne, 8 Julai

Balaa. Kanuni inasema lebo ifungwe mara tu samaki anapouawa, kabla ya lolote lingine. Mikono yangu hutetemeka nikiwa na furaha. Nikaona ni busara kufanya mazoezi. Sikukusudia kuifunga! Nilitaka tu kuipitisha kwenye mshikio wa buli la chai, nione inavyokwenda. Ikalia tik.

Haifunguki. Imetengenezwa isifunguke, na ukiikata haina kazi tena. Nimejaribu mafuta ya kupikia, sabuni, sindano ya kufumia. Buli lenyewe ni la marehemu mama mkwe, lenye maua ya bluu. Nimelificha bandani chini ya gunia la viazi. Noreen kauliza buli liko wapi. Nikasema sijui. Tumekunywa chai ya sufuria.

Jumatano, 9 Julai

Nimepiga simu ofisi ya uvuvi kuuliza, kwa niaba ya rafiki, mtu akipoteza lebo afanyeje. Mama wa ofisini akasema aende polisi akaandikishe upotevu kwa kiapo. Kisha akaniuliza jina la huyo rafiki. Nikakata simu. Siwezi kuapa kwamba kimepotea kitu ninachojua kiko chini ya gunia.

Mpango wa pili. Nikaenda mjini, nikanunua samoni wa kufugwa, mzima. Nikampunguza kwa mkasi wa Noreen mapezi yaliyochakaa bwawani, ili aonekane wa mtoni. Nikajilowesha kwa bomba la bustani mpaka kiunoni, nikaingia mlango wa nyuma nikihema. Noreen akachemsha. Mzee akaketishwa kitandani, leso shingoni, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Akala kipande kimoja. Akatafuna kwa muda mrefu. Akaweka uma chini.

"Huyu hajawahi kwenda popote," akasema.

Fintan alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Aligeukia dirisha, upande uliko mto, na nikaona kwamba nimemwibia kitu. Iliniuma sana, na haikuwa kwa sababu ya Fintan.

Alhamisi, 10 Julai

Nimevua trauti wawili, samaki wadogo wa mto huo huo, halali kabisa. Sentimita ishirini na saba, na ishirini na tisa. Trauti hadai lebo, anadai urefu tu, nami nilipima mara mbili kwa rula. Mzee kawala wote. Kamwambia Noreen amshukuru mumewe, nami nimesimama pale pale. Halafu kauliza samoni anakuja lini. Nikasema yuko njiani.

Jumamosi, 12 Julai

Jana mvua kutwa. Leo maji yameanza kushuka, yana rangi ya chai, na hapa kwetu kila mtu anajua kwamba ndipo samoni wanapopanda kutoka baharini. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Shimo la Padri, kilindi cha mto karibu na daraja. Ndoana moja, isiyo na kijino. Chambo cha manyoya, hakuna mnyoo. Yote kwa mujibu wa kanuni. Ukiwa huna lebo unaruhusiwa kumvua samoni, ilimradi umrudishe. Nilijiambia nimekwenda kumwona tu.

Saa mbili kasoro akashika. Tulivutana dakika ishirini nzima! Kilo nne, nadhani, mweupe kama kijiko kipya, na chawa wa baharini bado mgongoni, yaani ameingia mtoni juzi tu. Miaka mitatu sijagusa samoni wa mtoni. Nikamwingiza wavuni, ndani ya maji, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo nilipopaswa kumwachia. Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu. Nikakifikiria kile kitanda cha chumba cha mbele. Nikalegeza mkanda wa suruali yangu ya mpira, ile ya kuvulia inayofika kifuani, nikamtumbukiza humo, kichwa chini.

Samoni wa kilo nne hakai ndani ya suruali. Alipiga mkia mara moja, nikaketi majini. Akapiga tena, mto ukaingia wote, miguu ikaelea, kichwa kikazama. Nilikunywa Owenkeel ya kutosha. Nilipofika kwenye changarawe kofia ilikuwa imekwenda na samoni ameshatoka kwa njia ile ile aliyoingilia. Alitulia kidogo mbele ya goti langu, akipumua. Kisha akaenda zake.

Nikainua macho. Juu ya daraja alisimama Attracta Loftus, mlinzi wa mto, na darubini yake. Aliandika daftarini na kuondoka.

Siku hiyo hiyo, jioni

Mzee aliniita. Alikuwa amesikia kutoka kwa Noreen kwamba nimerudi nimelowa. Nikamsimulia yote mpaka kwenye wavu. Alitaka kujua samaki alikuwa amelala upande gani wa jiwe, alishika polepole au kwa nguvu, alikimbilia juu au chini. Alifumba macho. Mkono wake ulikuwa ukivuta kidogo kidogo juu ya blanketi. Halafu akauliza yuko wapi sasa. Nikasema sikuwa na lebo ya kumfungia, amerudi majini. Kila neno lilikuwa kweli.

Nilidhani amelala.

"Mimi niliwaua wengi, na sikuhesabu," akasema. "Ndiyo maana leo mnagawiwa lebo. Umefanya vizuri, Malachy."

Nilikwenda bandani nikalia. Jina langu amelitaja, na sifa yenyewe ni ya mtu mwingine, mtu mwema ambaye sijawahi kuwa. Nilikuwa na nafasi ya kurudi ndani nikamweleza. Nilifika mlangoni, nikamsikia akimsimulia Padri Lorcan, aliyekuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Alikuwa akisimulia kwa furaha. Sikuingia.

Jumanne, 15 Julai

Mzee alifariki Jumapili adhuhuri. Noreen kamshika mkono mmoja, Fintan mwingine. Mimi nilisimama miguuni.

Jana na leo nyumba imejaa. Mzee amelazwa chumba cha mbele, majirani wanaingia, wanamwombea, wanakaa, wanakula mikate ya nyama na kunywa chai isiyoisha. Mabuli ya kuazima hayakutosha. Noreen akaenda bandani kuchukua viazi. Akarudi na buli la mama yake. Alilisuuza, akatia majani, akawamiminia watu wote, lebo ya kahawia ikining'inia kwenye mshikio.

Attracta Loftus alikuja kutoa pole. Akapewa kikombe. Akaona. Akavaa miwani, akasoma namba ya lebo, akatoa daftari, maana lebo zote lazima zihesabiwe, msiba au si msiba.

"Imetumika," akasema taratibu, huku akiandika. "Uzito?"

Noreen akamjibu kwamba likiwa tupu ni kama kilo moja na nusu. Fintan alilazimika kutoka nje.

Baadaye Attracta akanivuta kando, karibu na makoti. Akaniambia kwamba Jumamosi aliandika samoni mmoja amerudishwa mtoni akiwa hai, na hakuandika amerudishwaje, kwa sababu alijua mzee yuko kitandani anasubiri.

"Ukirudia nitaandika yote," akasema. "Na leseni yako hutaiona tena."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nikaapa mbele ya maiti kwamba sitarudia. Na wakati naapa nilikuwa nasema kweli.

Jumatano, 16 Julai

Tumemzika. Padri Lorcan alihubiri juu ya uaminifu. Akasimulia habari za mtu aliyemshika mikononi samoni ambaye baba mkwe wake alimtamani kuliko kitu chochote, hakuna wa kumwona, na akamrudisha kwa kuheshimu sheria. Hakutaja jina. Kanisa zima likageuka kunitazama. Attracta Loftus peke yake ndiye aliyeendelea kutazama mbele.

Nje ya kanisa Fintan alinikumbatia, akaniomba radhi kwa kunicheka. Alisema babake alikufa ametulia kwa sababu yangu. Nilitazama chini. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuandika kwa wiki kadhaa. Sikuwa na la kuandika, nilikuwa naheshimiwa.

Misa ya kumkumbuka mzee, mwezi mmoja tangu afariki, ni Jumatano. Fintan amepata lebo katika droo ya Agosti, mimi nimekosa. Anataka chakula cha siku hiyo kiwe samoni wa Owenkeel, kwa heshima ya babake. Watu wanamsifu hata kabla hajatia ndoana majini. Noreen naye anamsifu. Lakini mtu wa samoni katika familia hii ni mimi! Padri mwenyewe alisema.

Leo baada ya ibada Fintan alinijia kwa adabu, kofia mkononi. Akasema kwa kuwa mimi ni mtu mkweli ataniuliza mimi: samoni wamelala wapi wiki hii? Nikamtazama machoni. Nikamwambia wameshuka wote, ajaribu kule chini, kwenye daraja la reli ya zamani. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Kule hajavuliwa samoni tangu reli ing'olewe.

Nimemwambia na Attracta kwamba Fintan atakuwa huko chini kesho alfajiri na lebo yake, huenda akapenda kuikagua. Alinitazama kwa muda, kisha akasema atakwenda. Kwa hiyo Shimo la Padri nitakuwa peke yangu. Ni kwa ajili ya mzee. Najua angenielewa.

Suruali mpya ya mpira ilifika Ijumaa. Nimeagiza ya namba mbili zaidi, na nimeishonea mkanda wa pili kifuani.