Folda ya Proc na Funguo za Kisarawe

Jumatatu, 14 Julai 2025
Bi Maulida anafungua steshenari ya pili, kwao Kisarawe. Anatafuta mkuu wa duka. Hapa Kibaha tupo wawili tu: mimi Ipyana, na Hashiru mwenye diploma. Kasema atakayeiwezesha kompyuta mpya kuchapa mitihani ya Mwalimu Silvanus wa Mlandizi kufikia Alhamisi, ndiye atakabidhiwa funguo. Masikini Hashiru! Nimeshaanza kumwonea huruma.

Jumanne, 15 Julai
Programu ya mitihani imegoma. Imetengenezwa kwa ajili ya mfumo wa Linux, mashine yetu inatumia mfumo mwingine, FreeBSD. Ikiwaka tu inatafuta folda iitwayo proc, iulize kazi gani zinaendelea ndani ya kompyuta na zipi zimekwisha. Haioni folda, inajizima. Hashiru kasema dawa ipo: folda ya kuigiza, isiyokaa hata kwenye diski, mfumo unatunga majibu palepale unapoulizwa. Ila kwanza asome maelekezo. Asome! Nikamwambia kaka, soma mpaka uote mvi. Kanijibu nisiguse kitu, mtu mwenyewe niliishia kidato cha pili. Cha pili na nusu, tafadhali!

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikachomeka flashi kwenye laptop yake ya Linux. Nikakopi proc nzima. Kukopi ni fani yangu tangu darasa la nne.

Jumatano, 16 Julai
IMEWAKA! Nimeipachika proc yangu, programu ikauliza, ikajibiwa, ikatulia tuli. Bi Maulida kapiga vigelegele mbele za wateja. Hashiru kauliza nimefanyaje. Nikamwambia mambo haya hayafundishwi, mtu anazaliwa nayo. Kauliza kama majibu yanabadilika. Yabadilike ya nini, na yako sahihi? Wivu huo. Nikabonyeza chapa, nikaenda kula chipsi mayai. Nilikula taratibu, kama mkuu.

Nimerudi. Kuna tatizo dogo. Folda niliikopi wakati hakuna kinachochapwa. Kwa hiyo kila mara programu ikiuliza kama uchapaji umeanza, folda yangu inajibu bado. Basi inaanza upya. Rimu tano zimekwisha! Zote ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 17 Julai
Mwalimu Silvanus kauliza kama nadhani anafundisha wilaya nzima, tena wilaya inayojibu swali la kwanza tu. Mtu wa maneno huyo. Hashiru akaandika mstari mmoja. Mmoja! Ile folda yake ya kuigiza ikatokea, ikawa inajibu mambo ya dakika ileile, mitihani arobaini ikatoka kamili. Hata jasho hakutoa. Huo nao ni ufundi?

Funguo kapewa yeye. Nikamwamkia Bi Maulida shikamoo mara mbili. Kaniuliza nilikuwa wapi rimu zote zikiliwa. Nikasema hapo jirani. Kasema we mtoto utanitia presha. Kuanzia kesho kuna daftari la mahudhurio: saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Akilifungua muda wowote, ajue nipo au sipo.

Ijumaa, 18 Julai
Hashiru kaondoka kwenda Kisarawe. Mimi nimeanza na daftari, na nimeshalimaliza! Nimejisaini kuingia na kutoka mpaka tarehe 29 Agosti, saa zimenyooka, mwandiko safi. Hashiru angehitaji wiki sita kwa kazi hii, na diploma yake.

Naandika haya nikiwa uwanjani Tumbi, naangalia mpira. Daftari linasema nipo kaunta.