Kwenda Gosaikunda kwa Hila

Jumanne, tarehe 20 ya mwezi wa Saun. Dhunche.

Daktari wa Kathmandu ameniambia moyo wangu umechoka, nikae nyumbani ninywe uji. Nimemshukuru. Nikapanda gari la alfajiri. Naandika haya ili atakayewasha moto chini ya maiti yangu ajue yote. Kabla sijafa lazima nijitose katika Gosaikunda, ziwa takatifu la mungu Shiva, na sitafika huko kwa njia safi.

Kizuizi cha kwanza: Phulmaya, kiongozi wetu wa safari. Binti wa Kitamang, kabila la milimani, mfupi, sauti ya jemadari. Ametangaza sheria. Tutapanda polepole. Kila siku atatubana kidole kwa kipimo cha oksijeni na kumwuliza kila mtu habari za kichwa chake. Anayeumwa kichwa hapandi. Anayezidiwa anateremshwa, awe nani awe nani. Hapo akanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Kizuizi cha pili: Khagendra, mume wa dada yangu, mwuza viatu mwenye mapafu ya nyumbu. Ameniuliza mbele ya watu kama nimeacha wosia.

Mimi nilikuwa hakimu. Nimesikiliza waongo maisha yangu yote. Hukamatwa kwa sababu husema mengi mno. Sitafanya kosa hilo.

Jumatano, 21 Saun. Chandanbari.

Kupanda tu. Misitu, ukungu, ruba hadi ndani ya soksi. Jioni kichwa kikaanza kugonga. Ni lek, ule ugonjwa wa mwinuko. Mama yangu alisema unaletwa na harufu ya maua ya sumu, kwa hiyo nilitembea siku nzima nimeziba pua kwa pamba. Phulmaya akaichomoa kwa vidole vyake, mbele ya supu! Akasema, "Babu, hewa yenyewe haba, nawe unaifungia mlango!"

Akaniuliza habari za kichwa. Nikasema hakiumi. Akanibana kidole kwa kipimo, akakunja uso, akaamua kesho wote tupumzike hapa hapa. Khagendra akanipigapiga begani: "Hakuna neno, shemeji. Hata mzigo husubiriwa."

Nitawazika wote wawili.

Alhamisi, 22 Saun. Bado Chandanbari.

Nimekula konzi nzima ya vitunguu saumu vibichi. Nikanywa maji, nikalala. Maumivu yamekwisha. Ni vitunguu, bila shaka. Phulmaya anadai ni mapumziko. Hakuna anayetaka kukaa karibu nami.

Ijumaa, 23 Saun. Lauribina, saa sita mchana.

Juu zaidi. Kichwa kimerudi na rafiki zake. Nimetapika nyuma ya zizi. Nikawaambia natazama milima. Ukungu ulikuwa mzito, hata zizi lenyewe halikuonekana.

Hila yangu kubwa: mama mwenye nyumba ya wageni, aliyezaliwa huku juu na damu yake imeizoea hewa hii. Nilimwahidi ushauri wa bure kuhusu kesi yake ya mpaka wa shamba. Tukakaa jikoni chini ya blanketi moja, umeme hakuna. Phulmaya akaja na kipimo. Kidole kikachomoza. Tisini na mbili kwa mia! Khagendra alikuwa amepata themanini na nne. Nilikuwa mfalme.

Kisha Phulmaya akakimulika kidole kwa tochi. Kilikuwa na unga mbichi hadi kwenye kucha. "Babu," akasema, "tangu lini unakanda unga?"

Khagendra alicheka hadi akakohoa. Kidole changu halisi: sitini na nane. Hukumu: ninateremka leo, sasa hivi, kabla ya giza. Ametoka kutafuta farasi.

Mlango wa nyuma uko wazi. Fimbo ninayo. Nia ninayo.

Ijumaa hiyo hiyo.

NIMEFIKA! Peke yangu! Miguu ilienda kama ya mlevi lakini ilienda. Njia rahisi ajabu, kama mlima wenyewe unanisukuma mgongoni. Ziwa ni dogo kuliko wanavyosimulia. Nimejitosa na nguo zangu. Maji magotini. Matope kiasi. Ng'ombe wawili watakatifu wananitazama. Shiva! Shiva! Khagendra yuko wapi sasa?

Jumamosi, 24 Saun. Chandanbari tena.

Lilikuwa dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Nilishika njia ya kuteremka.

Phulmaya ndiye aliyenikuta. Hakunigombeza. Alinivua nguo zenye maji, akanifunga kwa koti lake, akanisugua miguu huku akilia na kunitukana kwa Kitamang. Baadaye akaniambia kwamba lek ilikwisha kupanda kichwani, na kwamba kama ningegeukia juu, leo ningekuwa nateremshwa nimefungwa kwenye turubai. Wakanipakia farasi, tukazidi kuteremka. Leo akili imerudi. Hewa nzito ni tamu kama maziwa.

Leo ni sikukuu, mwezi mpevu, watu wote wako ziwani. Khagendra hayuko huko. Jana alikuwa akinitafuta kwenye mvua, akiita "Shemeji! Shemeji mpumbavu!" bonde zima. Anasema dada yangu angemchinja. Nimeguswa mno. Hata hivyo, themanini na nne si namba ya kujivunia.

Jumatatu, 26 Saun. Chandanbari.

Phulmaya amenipa nafasi ya pili, kwa sharti. Tutakaa hapa hadi mwili uzoee, kisha tupande kidogo kidogo, mimi juu ya farasi. Nami nitamwambia ukweli wa kichwa changu kila anapouliza. "Mimi sitaki kukunyima ziwa, babu. Nataka urudi ukalisimulie."

Nikaapa kwa uzi mtakatifu wa begani mwangu. Machozi yalinitoka. Khagendra naye akaapa. Tukakumbatiana. Sasa naweza kufa nikiwa mtu mkweli.

Ijumaa, 30 Saun. Lauribina.

Kutoka hapa ni asubuhi moja tu hadi ziwani.

Phulmaya akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za kichwa. Kinagonga tangu adhuhuri. Nikamtazama machoni nikamwambia hakijapata kuwa chepesi hivi tangu nilipooa.

Kisha akamgeukia Khagendra. Naye akajibu kwamba chake hakiumi kabisa, huku ameshika ukuta kwa mkono mmoja asianguke. Anamdanganya binti wa watu hivi hivi, baada ya kiapo!

Watu wa namna hiyo ndio wanaofia milimani.