Mkurugenzi Aondolewe Dirishani

Kwa Shangazi,
Karani Mkuu wa Masijala (Mstaafu),
Chumba cha mbele.

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Kwaru, kwaru, kwaru. Ndiyo sauti niliyoamka nayo Jumatatu na haijanitoka masikioni: meno madogo yakitafuna kitu kikavu huko sebuleni. Kisha kimya. Kisha paka wetu, Mkaguzi, akatokea akiyumba, akatapika juu ya kandambili yako ya kushoto.

Nakuandikia, ingawa tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa sababu ni wewe uliyeweka sheria siku nilipohamia kwako: lisiloandikwa halikutokea, na kila lalamiko liwe na nakala mbili, moja mkononi mwako, nyingine kwenye kapu la faili, imefungwa kwa uzi. Hili ni lalamiko langu la arobaini na moja. Naomba lisomwe kabla ya lile la arobaini, linalohusu redio.

1. Yungiyungi lako, ulilolipa jina la Mkurugenzi kwa kuwa limesimama wima na halifanyi kazi yoyote, liko kwenye dirisha lile lile ambalo Mkaguzi huota jua. Nimemuuliza daktari wa mifugo. Anasema paka akilamba hata vumbi la ua hilo, figo zake zinaweza kufa katika siku chache. Hakuwa anatania, aliweka chini kikombe chake cha chai.

2. Mshubiri wako, ambao kwetu ni dawa, kwake ni sumu. Vivyo hivyo ule mmea wa majani kama upanga, na ule wa majani yenye matundu unaotambaa juu ya televisheni. Kati ya mimea yako tisa, sita imo kwenye orodha ya daktari. Shangazi, tunaishi na genge.

3. Nilipokueleza haya kwa mdomo ulicheka mpaka ukashika meza. Ukasema, "Mwanangu, paka si mbuzi. Hayo makaratasi yako ndiyo yatakayotuua humu ndani." Nanukuu neno kwa neno ili ujisikie mwenyewe. Karatasi haijawahi kumdhuru kiumbe yeyote.

4. Mimea huamkiwa kabla yangu. Kila asubuhi nasikia, "Mkurugenzi, umeamkaje?" Mimi naulizwa kama nimefunga bomba. Sina wivu na jani. Najiuliza tu: kama Mkaguzi angekuwa na mizizi, si naye angepewa dirisha lake?

Hili la tano silipi namba, maana si lalamiko. Mwaka ule nilipokuja kwako nikiwa sisemi na mtu, ni Mkaguzi aliyekuja kukalia kitabu changu na kukataa kuondoka. Siwezi kumpoteza kwa sababu ya pambo.

Nilifikiria njia za amani. Mimea ivalishwe vibandiko vyekundu. Ikishindikana, Mkaguzi afundishwe kuvitambua. Nilijaribu Jumanne kwa kumchorea picha, alizilalia. Ikabaki njia moja. Chumba pekee chenye mlango unaofunga sawasawa ni changu. Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokwenda kliniki ya macho, nimeihamishia humo mimea yote tisa na kuifungia. Mkurugenzi amekalia dawati langu, na amelizoea mara moja. Mimi nitalala kwenye kochi. Ufunguo umo ndani ya bahasha hii, na utatumika kwa kumwagilia tu.

Mama Mdogo akipiga simu mpe salamu zangu. Msalimie pia jirani yetu fundi cherehani, pamoja na ile mimea mitatu isiyo na hatia.

Mtiifu kwako, ila kwa hili sirudi nyuma,
Binti wa kaka yako

Nakala: Kapuni

Tanbihi: Nilikuwa nimeshailamba bahasha niliposikia tena: kwaru, kwaru, kwaru. Mimea yote ilikuwa imefungiwa. Nikachungulia nyuma ya kochi na kumkuta Mkaguzi ndani ya kapu la faili, amefika lalamiko la ishirini na tatu. Nikiwa bado nimepiga magoti, daktari akapiga simu kuhusu yale matapishi ya Jumatatu niliyompelekea ndani ya kopo. Si jani. Ni karatasi iliyosokotana na uzi wa faili, na uzi huo, alisema, ungebaki tumboni tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Nimeichana bahasha na kuutoa ufunguo. Mimea mitatu imerudi sebuleni; mitano yenye sumu iko barazani, nyuma ya mlango wa waya. Mkurugenzi nimemkabidhi fundi cherehani, ambaye hana paka, kwani juu yake daktari hakupunguza hata neno. Kilichofungiwa chumbani kwangu sasa ni kapu, lalamiko la kwanza hadi la arobaini, na nyuzi zake zote.

Barua hii haina nakala. Kona yake inayokosekana anayo Mkaguzi. Lile la redio nitakuambia kwa mdomo ukirudi, na kucheka ruhusa.