Mlima wa Rangi Tatu

Jumatatu, Juni 9

Mkuu wa shule ametangaza: shule itabaki na mwalimu mmoja tu wa lugha. Tuko wawili. Mimi, na yule ninayemwita Meno Nje, maana hucheka hata akisahihisha mitihani. Alhamisi mkaguzi atakaa darasani kwa kila mmoja wetu, kisha atachagua. Mada ni vipengele vya ploti. Ploti! Mungu anipe nini tena?

Jioni hospitali. Mke wangu anapasuliwa Jumatano asubuhi, uvimbe tumboni. Anaogopa. Kaniomba jambo moja tu: niwe pale mlangoni akiingizwa, nimshike mkono. Nikaahidi. Nikamsimulia pia habari za Meno Nje. Akageukia ukutani. Dawa zinamchosha, maskini.

Jumanne, Juni 10

Mpango umeiva. Nitachora mlima kwenye karatasi ngumu, rangi tatu. Chini, mwanzo. Kwenye mwinuko, mgogoro. Juu kabisa, kilele. Upande wa pili, suluhisho. Mwanafunzi atasimulia hadithi mbele ya mlima. Nikigonga rula mezani, anasogea sehemu inayofuata. Kiranja wa darasa nimemkaririsha hadithi ya fisi na kisima mpaka anaiota. Nikiuliza nani ataanza, darasa zima linyooshe mikono, nami nimchague yeye. Eti kwa bahati!

Binti yangu yumo darasa hilohilo. Nimemhamishia nyuma kabisa, watu wasije wakasema nampendelea. Shuleni huniita Mwalimu. Siku hizi hata nyumbani. Ameuliza kama kesho tutakwenda wote kwa mama yake. Nimesema bila shaka, hilo nalo la kuuliza?

Jumatano, Juni 11

Balaa! Paa limevuja usiku, mlima wote umelowa. Kilele kimekuwa ziwa. Nikamwambia binti atangulie na bibi yake, mimi nachora upya chapuchapu halafu nafuata. Kumbe kijani kinachelewa kukauka. Na neno "mgogoro" likapinda, nikalirudia. Kazi ya kulipua mimi siiwezi.

Nilipofika, mke wangu keshatolewa, kalala. Mama mkwe yuko kando ya kitanda. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku anaviangalia vidole vyangu vilivyojaa rangi. Akasema mgonjwa aliwasihi wauguzi wasubiri kidogo, mume wake yuko njiani. Wakasubiri. Mwishowe wakasukuma kitanda.

Daktari anasema upasuaji umekwenda vizuri. Sasa nyuso zilizokunjamana za nini? Mlima umependeza kweli.

Alhamisi, Juni 12

Nimekwisha.

Mkaguzi ni mzee mpole, miwani yake kaifunga kwa kamba. Akausifu mlima. Nikauliza nani ataanza. Mikono yote juu! Nikafungua kinywa kumwita kiranja. Mkaguzi akaniwahi. Akasema angependa kumsikia yule wa nyuma, maana ndiye pekee ambaye hakunyoosha mkono.

Binti akaja mbele. Nikamnong'oneza: fisi na kisima. Akanitazama kama hanijui. Akaanza: palikuwa na mama aliyeogopa mlango. Nikagonga rula, mazoea mabaya haya. Akasogea kwenye mgogoro: baba wa nyumba hiyo aliahidi kuwapo. Mkono ukagonga tena wenyewe. Kilele: kitanda kiko mlangoni, mama anaomba asubiriwe, mtoto kamshika mkono mmoja, na ule wa pili mama kauacha wazi, akisema huo ni wa baba.

Kiranja anajifuta macho kwa tai. Nikagonga ili yaishe. Akasogea kwenye suluhisho, akasimama hapo. Akasema hilo yeye halijui, pengine Mwalimu analijua.

Nikasema muda umekwisha. Kengele ilikuwa bado kabisa.

Ijumaa, Juni 13

Nafasi kapewa Meno Nje. Mkuu anasema mkaguzi hajapata kumsikia mwanafunzi anayeielewa ploti namna ile. Nikaruka: si nimemfundisha mimi! Mkuu akasema mkaguzi aliuliza baba wa mtoto ni nani. Akaambiwa.

Meno Nje alinisubiri nje, akaniuliza hali ya mgonjwa. Safari hii hakucheka. Unafiki mtupu.

Jumapili, Juni 15

Mke wangu katoka hospitali. Hakuja nyumbani, kaenda kwa mama yake. Binti alikuja kufungasha nguo. Nikambebea begi mpaka barabarani. Akasema asante, Mwalimu. Roho imeniuma, siongopi. Nimepika chakula cha watu watatu, kimelala kwenye sufuria.

Nikakaa mbele ya mlima. Ghafla, wazo! Nitaandika kitabu cha ploti kwa wanafunzi wa umri wa binti yangu. Hadithi ninayo tayari: mlango, ahadi, mkono ulioachwa wazi. Itawaliza. Kasoro yake ni moja tu, haina mhusika mwovu. Nimeumiza kichwa kutwa nzima. Nimempata: Meno Nje! Nimeshachora jalada lote la kijani, yeye katikati, meno yote nje.

Binti kapiga simu. Mama yake kasahau dawa za maumivu hapa mezani, nazo anazihitaji. Nikasema nakuja sasa hivi. Kapiga tena jioni hii, nyuma yake nikasikia mtu anagumia. Nikamwambia wanisubiri kidogo, niko njiani.

Kijani tu kikauke.