Mzee Chaji Amechomeka

Profesa hajawahi kufundisha hata kuku kurudi bandani. Jina alipewa na miwani. Lakini akija kijiweni na habari, kahawa hupoa bila kunywewa, maana hakuna anayetaka kupitwa na nafasi ya kumbishia. Siku hiyo alikaa kwenye benchi letu, akaipeleka simu mbali na macho, akasoma kama anatangaza msiba wa tajiri:

"'Mwenye gari la kifahari la umeme hahitaji tena kupanga foleni ya mafuta. Anachomeka nyumbani, anaendelea na shughuli zake, akirudi limejaa. Ni rahisi kama kuchaji simu.'"

"Simu?" Fundi Cherehani akadakia, mguu wake ukiendelea kukanyaga pedali. "Mimi nikichaji simu, balbu ya jirani haiombi radhi. Mzee Chaji akichomeka lile dude lake, mtaa mzima unapapasa kuta mchana kweupe!"

Mzee Chaji ndiye mwenye nyumba ya geti jeusi mwisho wa mtaa wetu. Zamani tulimwita Mzee tu. Tangu anunue lile gari, ukimsalimia "habari za asubuhi" anakujibu "asilimia themanini". Sasa wewe mwambie mtu huyo kwamba mwanao anaumwa.

"Kwanza mjue mnachokisema," Profesa akasema. "Lile ni haibridi. Lina matumbo mawili, moja la petroli, moja la umeme. Likikosa hiki linakula kile."

"Basi ni kama shemeji yangu," Shangazi akasema, akimimina kahawa. Yeye ndiye mwenye birika, benchi, na neno la mwisho. "Kwake anakula, kwangu anakula, na bado anaondoka analalamika njaa."

"Wivu huo, Shangazi. Mwenzenu anatunza hewa."

"Hewa ipi? Jana alivyochomeka, feni yangu ilizunguka kama inasindikiza jeneza!"

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," Fundi akasema. "Ndiyo maana mimi sikuacha cherehani ya miguu. Mliniita wa kale. Nani wa kale sasa? Mimi umeme wangu ni ugoro na goti."

Muda wote huo tulikuwa tunasikia mashine ya Kinyozi ikinguruma kwenye kibanda cha jirani. Mara ikakohoa. Ikavuta pumzi. Ikanyamaza.

Tulitazamana, tukasema kwa pamoja kama watoto wa darasa moja: "Amechomeka."

Kinyozi akatoka na mashine mkononi, anaitikisa kama saa iliyosimama. Nyuma yake akatoka Mpiga Rangi, kitambaa cha kunyolea kikiwa kimefungwa shingoni, macho yamemtoka. Upande wa kushoto kichwa chake kiling'aa, pembe imechorwa, kazi safi ya mtu mwenye shughuli kubwa. Upande wa kulia ulikuwa kichaka ambamo mbuzi angeweza kupotea.

Lazima nieleze kidogo hapa. Kinyozi wetu hanyoi kama wenzake. Wenzake huzunguka kichwa chote taratibu. Yeye anamaliza upande mmoja kabisa, mpaka poda, ndipo anavuka kwenda wa pili. Ukimuuliza sababu, anakwambia: "Mteja wa nusu kichwa hakimbii."

Na leo, kati ya siku zote, mteja wa nusu kichwa alikuwa Mpiga Rangi, ambaye alasiri ile ile alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Ukweni wapi? Nyuma ya geti jeusi. Kwa Mzee Chaji.

Profesa alivua miwani.

"Kaka," Mpiga Rangi akasema, "yule mzee alimrudisha mchumba wa kwanza wa binti yake kwa sababu ya kola. Kola tu! Ilikunjamana. Akamwambia, 'Mwanangu hawezi kuishi na mtu asiyemaliza jambo.' Mimi niingie na hiki?"

"Twende tukamwambie achomoe," nikasema.

"Nani aende?" Shangazi akauliza.

Macho yote yakamgeukia Mpiga Rangi, kisha yakakumbuka, yakaangalia chini.

"Mnyoe kwa wembe basi," Profesa akamwambia Kinyozi. "Au mkasi."

"Mimi ni kinyozi wa umeme," Kinyozi akajibu kwa hadhi. "Wembe mara ya mwisho niliushika nikiwa nakata kucha, na kidole kile mpaka leo hakinisalimii."

"Mkasi ninao mimi!" Fundi akainuka, akavuta utepe wa kupimia. "Wa kitambaa, lakini nywele si nyuzi tu? Nitakunyoa, na zikibaki nitakukunja pindo."

"Usimsogelee!" Shangazi akamtishia kwa kijiko.

"Basi akae kiubavu," Kinyozi akapendekeza. "Akifika ukweni atafute kiti cha ukutani, ule upande mzuri uangalie wakwe."

"Na akiambiwa asimame amsalimie mama mkwe?"

"Anazunguka kinyumenyume."

Tulicheka. Mpiga Rangi hakucheka. Nilimhurumia, nasema kweli. Msichana mwenyewe alishamkubali zamani, mama yake vilevile. Aliyebaki ni huyo mzee, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kumwita jina, wala kijana, wala mwanangu. Alikuwa anamwita "wewe wa rangi", kama anaita kopo.

Fundi akaona kilio kinakuja, akaamua kututoa huko. Akauning'iniza utepe shingoni kama tai, akatoa tumbo mbele, akatembea mbele ya benchi kwa mwendo wa Mzee Chaji mwenyewe.

"'Mimi, wanangu, gari langu ni la hadhi! Halitoi moshi! Halitoi sauti! Halitoi lifti!'"

Tukaangua kicheko. Profesa alipiga paja. Hata Mpiga Rangi alitoa meno kidogo. Nikaona Shangazi peke yake hacheki, anafuta kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Endelea, Fundi," sauti ikasema nyuma yetu. "Halitoi na nini kingine?"

Hilo ndilo tatizo la magari haya, na simu ya Profesa haikulisema. La petroli lingetuonya tangu kona. Hili lilikuwa limesimama hatua chache tu kutoka kwenye benchi, jeusi, linang'aa, kimya kama mkaguzi, na dirisha liko chini. Ubaridi wa kiyoyozi ulitufikia miguuni.

Fundi akauvua utepe shingoni, akaanza kumpima Profesa bega.

Mzee Chaji akashuka. Jua la utosi lile, yeye kavaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

"Kinyozi. Una mashine ya betri?"

"Sina, mzee. Yangu ni ya kuchomeka, na kuchomeka ndiyo..." Akameza yaliyobaki.

Mzee akageuka, akaona kitu kimekaa mwisho wa benchi kimefunikwa kitambaa kuanzia kichwani. Mpiga Rangi alikuwa amejivuta humo kama kobe.

"Huyo nani?"

"Mteja," nikasema.

"Mbona amejifunika?"

"Jua, mzee," Profesa akasema. Tulikuwa kivulini.

"Shikamoo baba," kitambaa kikasema.

"Marahaba. Sauti hiyo naijua. Wewe wa rangi? Hebu jifunue."

Mpiga Rangi akajifunua. Kushoto bwana harusi, kulia kichaka. Akasimama wima, mikono mbele, kama mtu anayesubiri hukumu yake. Mzee akamwangalia upande huu, akamzunguka, akamwangalia upande ule. Nikasema moyoni, kwisha habari yake.

"Kilikupata wakati gani?"

"Sasa hivi baba. Mashine ilizima ikiwa kichwani."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akavua kofia ya sufu.

Wallahi, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kulia mvi zimejaa, nyeupe tele. Kushoto kweupe pia, lakini kwa sababu hakuna kitu.

"Nilitaka nijinyoe mwenyewe, mgeni wa leo anikute nadhifu," akasema, akimkwepa mgeni huyo kwa macho. "Gari nimelichomeka. Mama yenu kachomeka pasi, ananinyooshea shati. Mimi mashine kichwani. Nikasikia 'pu!' huko kwenye nguzo."

"Mchuma janga hula na wa kwao," Shangazi akaiambia birika.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulivimba mashavu. Kinyozi alikwenda nyuma ya kibanda, akarudi macho mekundu.

Aliyetuokoa, sitaki kumpa sifa, ni Profesa. Alikuwa amerudi kwenye simu yake. "Hapa chini wanasema, gari kama hili lina soketi kwenye buti. Unaweza kuchomeka kitu likakipa umeme badala ya kuuvuta."

"Kumbe linajua kutoa!" Fundi akanong'ona.

Buti likafunguliwa. Soketi ikapatikana, chini ya zulia, haijawahi kutumika. Waya ukavutwa, mashine ikanguruma, tukapiga makofi. Kinyozi akachungulia ndani kwenye dashibodi: mstari wa chaji ulikuwa mwekundu, mwembamba kama uzi. Umeme ulikatika kabla gari halijashiba, na mzee alikuja na kiyoyozi kimewaka, na kiti kinamkanda mgongo.

"Huu ni wa kichwa kimoja," Kinyozi akasema. "Nianze na nani?"

Mzee akatazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana asilimia ya kumtajia mtu.

"Anza na baba," Mpiga Rangi akasema.

"Wewe una shughuli leo," mzee akasema polepole.

"Shughuli ni kwako, baba. Mwenyeji akipendeza, mgeni amependeza."

Shangazi akatikisa kichwa. "Heshima si utumwa," akasema, safari hii bila kunong'ona.

Kinyozi akamnyoa mzee, akamaliza, akampaka poda. Mashine ikazima. Gari nalo likazima, taa zake zote, kiyoyozi, kiti cha kukanda, kila kitu.

"Si lina tumbo la pili?" nikauliza. "Petroli?"

Mzee akakohoa. "Tangu nilinunue sijatia hata tone. Niliapa mbele za watu."

Basi. Mzee akaingia, akashika usukani, mgongo umenyooka kama anaendeshwa na dereva wa serikali. Mpiga Rangi akakunja mikono ya shati, nusu ya kichwa ikimeremeta juani, akaweka viganja kwenye buti. Sisi tukamsaidia mpaka gari likashika mwendo. Pale penye kilima kidogo likasita. Mkono wa mzee ukatoka dirishani, ukapunga.

"Sukuma, mkwe! Sukuma, tunakaribia!"

Mpiga Rangi aligeuka akatuangalia, mdomo wazi, kuhakikisha kwamba nasi tumesikia. Tulikuwa tumesikia.

Wakati huohuo feni ya Shangazi ikaanza kuzunguka. Umeme umerudi. Kinyozi akapiga mbio katikati ya barabara. "Rudi! Rudi nikumalizie!"

"Acha!" Mpiga Rangi akapiga kelele, bega likiwa kwenye buti. "Mwaka mzima nalitafuta neno hilo! Kichwa kitasubiri!"

Wakapinda kona, wakatokomea kuelekea geti jeusi.

Tukarudi kwenye benchi. Fundi Cherehani, ambaye hapendi kuona kiti kitupu, akasema umeme ukiwepo lazima utumiwe, akaenda kukaa kwa Kinyozi. Tukasikia mashine ikinguruma vizuri. Kahawa ikapashwa moto. Profesa akaanza habari nyingine.

Mashine ikakohoa. Ikavuta pumzi. Ikanyamaza.

"Shangaziii!" Fundi akalia kutoka ndani.

Shangazi hakuinua hata kichwa kwenye vikombe vyake.

"Wamefika salama," akasema.