Mwenyekiti wa Kuokoa Vijana wa Kilindoni

Jumatatu, 26 Januari

Tangazo limebandikwa ofisi ya kata. Halmashauri imetenga fungu la kusaidia vijana walio katika mazingira hatarishi pamoja na familia zao. Kikundi kitakachofaa kitapewa mafunzo, vifaa na usimamizi. Afisa Maendeleo atafika Jumapili kusikia hali ya vijana kutoka midomoni mwa wazazi wenyewe. Nimelisoma tangu juu hadi muhuri. Limeandikwa kwa ajili yangu.

Kikundi nimekianzisha hapo hapo, nimesimama. Jina: Okoa Vijana Kilindoni. Mwenyekiti: mimi, Hafidhi. Katibu: atatafutwa. Ofisi: baraza la nyumba yetu. Nimempigia Afisa, amekubali kuja kwetu. Kilichobaki ni vijana tu.

Taufiki naye alikuwepo, analisoma huku midomo inacheza. Ana timu ya mpira, basi anadhani mwenye filimbi ndiye kiongozi. Tuliamkiana kwa baridi.

Dada yangu Nunu, ninayekaa naye, ameniomba nianze na mwanawe Ukasha. Kijana wa miaka kumi na tisa. Ameacha shule, halali nyumbani, na akirudi nguo zinanuka bangi. Nunu anasema mtoto anampotea mbele ya macho yake na asiposhikwa sasa atashikwa na polisi. Nikamwambia ukoo wetu una minazi na jina tangu babu yake babu alipoteremka kutoka Omani. Haujapata kuwa na kijana hatarishi, na hautaanza chini ya uenyekiti wangu. Akageuka akaingia jikoni. Nimelichukua kuwa amekubali.

Jumanne, 27 Januari

Nimepita nyumba kwa nyumba. Kazi ya kitaalamu hii! Huwezi kumwuliza mama wa Kilindoni kama mwanawe ameharibika. Utatoka na maji ya vyombo kichwani. Kwa hiyo nilijifunga kikoi kipya, nikavaa kofia, nikauliza kwa upole. Kijana analala nyumbani? Anavuta? Ana kazi? Anaandamana na nani? Nikasema kuna wageni watakuja Jumapili na wangependa kumwona yeye na mama yake. Zaidi ya hapo nilifunga mdomo. Taufiki ana masikio kila mtaa.

Matokeo ya kusikitisha. Iddi, ambaye nimewahi kumwona kwa macho haya akiwa juu ya mnazi wangu, kumbe hakosi sala ya alfajiri. Kombo, ambaye matusi yake yanasikika tangu sokoni, kumbe mpole, hata kuku hamfukuzi. Dawood, mtoto wa Bi Banu mwenye duka la vitambaa, kumbe ndiye anayeendesha duka. Mimi siku zote namkuta amelala juu ya majora.

Mji mzima na hakuna aliyeharibika hata mmoja. Nitafanya nini na watu kama hawa?

Mama Iddi aliniuliza kwa sauti ya chini kama wageni ni watu wa Unguja. Nikamwambia atajua Jumapili. Akanijazia kahawa.

Alhamisi, 29 Januari

Mambo yanakwenda. Tangu jana vyakula vinaletwa. Biriani kutoka kwa Bi Banu. Pweza wa nazi kutoka kwa Mama Kombo. Mama Iddi ameleta vitumbua na amesisitiza kwamba Iddi ndiye aliyekoroga unga. Vijana waliokuwa wakinipigia miluzi sasa wananipa shikamoo toka mbali. Nimeitikia marahaba mpaka koo limekauka. Mradi umeanza kuleta matunda kabla hata haujafadhiliwa!

Nunu akaniuliza kama najua huu ni mwezi gani. Nikamjibu, Januari. Akasema ni Shaaban, watu wanaharakisha harusi kabla ya Ramadhani, na mwanamume anayepita na kikoi kipya akiulizia tabia za vijana wa watu huwa ni mshenga. Mji mzima unajua nimetumwa na ukoo wa kitajiri wenye binti wa kuozwa. Binti ameshapewa shahada mbili na nyumba ya ghorofa.

Nilicheka sana. Nikamwambia wanawake huona harusi hata kwenye tangazo la chanjo. Watu wananiheshimu kwa sababu ya uenyekiti. Pweza alikuwa laini.

Ijumaa, 30 Januari

Siku mbaya. Baada ya sala ya alfajiri, Mzee Yasir wa Utende, fundi wa mashine za boti, alifika amemshika Ukasha mkono. Alimkuta usiku na wenzake wawili, wameifungua mashine yake kwenye boti, wanaivuta mchangani kwenda kuiuza. Wenzake walikimbia. Mzee Yasir akasema hakwenda polisi kwa heshima ya marehemu baba yetu, lakini heshima hiyo leo ameimaliza yote. Ya pili itakuwa kituoni.

Nunu alilia jikoni. Akaniomba tena. Mradi ni wa vijana kama huyu, akasema, na wewe ndiye uliyeuleta nyumbani.

Nilitafakari kwa kina, kisha nikakataa. Afisa akijua mwenyekiti ana mpwa wa namna hii, Taufiki atapuliza filimbi yake mpaka Ras Mkumbi, mwisho wa kisiwa. Nikatoa uamuzi: Jumapili asubuhi Ukasha apelekwe Chole kwa shangazi, arudi wageni wakishaondoka. Huo ndio uongozi. Kuna maamuzi magumu.

Jumapili, 1 Februari

Naandika kwa hasira, si kwa majuto.

Baraza lilijaa tangu saa tatu. Mama Iddi na udi wake. Bi Banu na sinia la halua, Dawood kando yake amevaa koti, jasho linamtiririka. Kombo amenyolewa. Vijana wote kanzu nyeupe, safi, wamekaa kama mayai kwenye trei. Halafu akaingia Taufiki. Taufiki! Na mwanawe! Filimbi kaacha nyumbani, kaja na marashi.

Gari la Halmashauri likasimama. Akateremka Afisa, mama mtu mzima wa kutoka Tanga, na faili lake. Kabla sijafungua mdomo Mama Iddi alikuwa ameshamnyunyizia marashi na kumkalisha kwenye mto.

Nikawaomba wazazi waeleze hali za vijana wao. Wakaeleza. Iddi amehifadhi juzuu nyingi kuliko umri wake. Dawood ana kiwanja. Kombo anamwosha bibi yake miguu. Taufiki akasema mwanawe hajui hata bangi inafananaje. Kijana akaangalia dari.

Afisa aliandika kidogo, kisha akafunga faili. Akasema kwa adabu kwamba amefurahi kuona mji uliobarikiwa, na kwamba msaada huu una wenyewe, ataupeleka kwingine. Bi Banu akamwuliza wao, upande wa bibi harusi, wangependa siku gani.

Ikabidi nieleze. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikianza na tangazo. Sikufika mbali. Mama Kombo alisimama, akaniuliza ni nani aliyeniambia mwanawe ameharibika, akataka pweza wake nimtapike. Taufiki akadai tangu mwanzo alishuku. Udi ukamwagika mkekani. Wanawake wakaanza kuvaa viatu.

Hapo Nunu akatoka ndani. Nyuma yake Ukasha. Hakumpeleka Chole! Alinidanganya asubuhi, mimi kaka yake, mwenyekiti.

Akasimama katikati ya watu wote, akasema, "Huyu ni mwanangu Ukasha. Anavuta bangi, na juzi ameiba mashine ya boti. Nimechoka kumfunika. Kama msaada ni wa watoto walioharibika, basi wangu ni huyu hapa, mniandikie."

Nilitamani baraza lipasuke. Jina la ukoo! Nikakohoa. Nikasema kwamba dada hajisikii vizuri. Hakuna aliyegeuka.

Mama Iddi alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Alikitazama kile kingine muda mrefu, halafu akakaa. "Wangu mimi halali nyumbani tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi," akasema. "Nasema anasali alfajiri kwa sababu hiyo ndiyo saa anayorudi."

Bi Banu akasogeza halua mbele. Akasema Dawood anakunywa dawa ya kikohozi na hana kikohozi. Mama Kombo alikuwa wa mwisho kurudi, na alisema ya kwake akiwa ameangalia ukuta. Taufiki akaomba maji. Afisa akafungua faili upya.

Mimi nilisimama mlangoni. Niliwakumbusha mara kadhaa kwamba mkutano huu ni wangu.

Jumatano, 4 Februari

Jibu limekuja. Halmashauri imekubali kikundi cha Kilindoni. Wanachama: wazazi wenyewe. Mwenyekiti: Nunu. Katibu: Taufiki, kwa kuwa naye ni mzazi na amesema kweli hatimaye, baada ya maji ya tatu. Mimi sina mtoto, basi sina sifa. Dhuluma ya mchana kweupe!

Wamenipa nafasi ya kutunza viti. Nimekataa. Nimewaandikia kwamba mwanzilishi hatunzi viti. Nunu akasoma, akaniuliza kama nitakula. Nikala, lakini kwa kupinga.

Ukasha ataanza mafunzo kwa Mzee Yasir. Mzee alimtaka mwenyewe: kijana aliyeweza kuifungua mashine ile gizani, akasema, bora aifungue mbele ya macho yangu. Leo asubuhi aliondoka kwenda Utende bila kuamshwa. Nunu alisimama mlangoni mpaka alipokata kona, kisha akaendelea kusimama.

Nafurahi kwa ajili yake. Naandika hapa ili ijulikane ni mradi wa nani.

Jumamosi, 7 Februari

Heshima imerudi! Mzee Ridhwan, mfanyabiashara wa Kirongwe, amesikia habari zangu za ushenga na hakusikia mwisho wake. Ana binti wa kuozwa kabla ya Ramadhani. Binti wa kweli, nimemwona. Anataka nimtafutie kijana mwenye tabia njema. Nikaikubali kazi papo hapo. Ofisi: baraza lile lile.

Nilijifunga kikoi, nikaanza na Mama Iddi. Nikauliza kwa upole. Kijana analala nyumbani? Anavuta?

Akanivuta ndani, akafunga mlango. Anavuta, akasema, tena sana. Mvivu, mwongo, juzi kauza sufuria. Akanishika mkono nisimsahau, nimwandike wa kwanza kwenye mafunzo. Mama Kombo alinikimbilia barabarani kuniambia wake ni mbaya zaidi ya Iddi, asirukwe. Bi Banu alileta ushahidi, chupa nne.

Mji mzima na hakuna kijana mwema hata mmoja. Nitamwambia nini Mzee Ridhwan?

Nimekaa, nimepima. Njia yangu haina kosa; kosa ni la watu wa Kilindoni, hawajui kujibu. Kesho navuka kwenda kisiwa cha Juani, ambako hawanijui. Kikoi kile kile, maswali yale yale.